Nyumba za Bibi Titi

Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam si ndefu. Ukitokea Mnazi Mmoja unaikuta, inaikata Barabara ya Morogoro pale DIT, inapita Maktaba Kuu, kisha inakukabidhi kwa magari ya Upanga na ya Ali Hassan Mwinyi. Wazee wa mji wanakumbuka ikiitwa Mtaa wa UWT. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962, kiongozi wake wa kwanza alikuwa huyu huyu ambaye leo jina lake liko kwenye kibao. Lakini kati ya kuanzishwa kwa umoja ule na kusimikwa kwa kibao hiki kuna hukumu ya kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini. Anayepita pale ndani ya daladala hana namna ya kulijua hilo, wala hakuna aliyekusudia alijue.

Kisa cha Bibi Titi husimuliwa kwa namna mbili. Yupo Bibi Titi wa darasani: shujaa, kanga mabegani, jukwaani pamoja na Nyerere, nchi inapata uhuru, kengele inalia, watoto wanatoka mapumziko. Na yupo Bibi Titi wa barazani, wa kuulizana kwa sauti ya chini: hivi alitaka kupindua kweli, au alisingiziwa? Simulizi zote mbili zinaruka kitu ambacho mimi nakiona ndicho kiini cha mgogoro wote, nacho ni nyumba. Nyumba za kupangisha. Kabla ya mahakama, kabla ya mashahidi na barua, palikuwa na mwanamke mwenye nyumba na chama kilichosema kiongozi asiwe nazo. Kisa hiki nitakiingia kwa mlango huo, ingawa itabidi tuanze mbali kidogo.

Mwimbaji mwenye kadi namba 16

Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka minne tu ya msingi. Aliolewa angali binti mdogo, na mume wa kwanza alimzidi umri kwa mbali. Mji ulimjua kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Wasomaji wengi wa leo huipita sentensi hiyo haraka, kana kwamba ni pambo tu la wasifu. Hapa ndipo pa kutua.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na toka siku ya kwanza ilikuwa na tatizo la watu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwafrika aliyesoma kwa wakati ule karibu lazima awe karani, mwalimu au mganga wa serikali, kwa hiyo wenye elimu walio wengi walifungwa mdomo kwa mshahara. Nyerere mwenyewe ilibidi aache ualimu Pugu mwaka 1955 ili afanye siasa. Waliobaki huru kusema ni wale ambao serikali haikuwapa chochote, kwa hiyo haikuwa na cha kuwanyang'anya: wachuuzi, madereva wa teksi, mafundi, na wanawake wa uswahilini. Titi alikuwa miongoni mwao. Alikata kadi namba 16. Mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, alikuwa na namba 15.

Inavyosimuliwa, katikati ya mwaka 1955 alifika John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza kuitazama TANU. Akaona wanaume. Akauliza wanawake wako wapi. Wakubwa wa chama wakababaika, maana wake zao walikuwa nyumbani na hakuna aliyekuwa tayari kumtoa wa kwake mbele ya kadamnasi. Ndipo likatajwa jina la Titi, na pembeni yake la Tatu binti Mzee. Siku chache baadaye, Julai 1955, Titi alikuwa kiongozi wa kitengo cha wanawake cha TANU. Ni kama mgeni amebisha hodi ghafla na wenyeji wakakimbilia jirani kuazima kiti. Kiti kile cha kuazima ndicho kilichokuja kubeba nyumba nzima.

Husemwa kwamba ndani ya miezi mitatu Titi alikuwa ameandikisha wanawake wapatao 5,000. Hata kama mtu ataipunguza hesabu hiyo, hakuna aliyewahi kubisha kwamba ilikuwa kasi isiyo ya kawaida. Iliwezekanaje, kwa mtu asiye na ofisi, asiye na gari, anayesoma kwa shida?

Iliwezekana kwa sababu hakuanza na umati, alianza na vikundi. Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilijaa vikundi vya wanawake: vya lelemama, vya taarab, vya kucheza upatu, vya kuzikana. Kulikuwa na wafuasi wa Al-Watan na wafuasi wa Egyptian, na ushindani wao haukuwa wa mzaha, ulikuwa wa sare, wa mafumbo na wa nani kamzidi nani siku ya harusi. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, daftari lake, michango yake na adhabu zake kwa asiyehudhuria. Titi, akiwa mwimbaji, aliwajua viongozi hao kwa majina na kwa vituko vyao. Akawaendea mmoja mmoja. Alipompata mama wa kikundi, alipata kikundi kizima. Hakuna mwanamume yeyote wa TANU, hata Nyerere na shahada yake ya Edinburgh, aliyeweza kuingia ua wa nyuma wa nyumba ya Kariakoo na kukaa mkekani na wanawake hao jioni. Yeye aliingia bila kubisha.

Na maneno yake yalitoka humo humo. Hoja yake kubwa haikuwa ya katiba wala ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ilikuwa kwamba wanaume wote hawa, weusi kwa weupe, wamezaliwa na sisi, basi tusiambiwe kwamba jambo la nchi halituhusu. Mwanamke aliyewahi kuchezwa unyago hahitaji mkalimani wa hoja hiyo.

Nina ugomvi mdogo na sherehe za siku hizi kuhusu jambo hili. Tunamsifu Bibi Titi kama mwanamke jasiri mmoja aliyejitokeza. Sifa hiyo, bila kukusudia, inawafuta maelfu waliokuwa nyuma yake, wenye vikundi, walioficha kadi za TANU chini ya magodoro waume zao wasizione, wauza pombe waliochangia senti zao. Ujasiri wake haukanushiki, lakini kilichomfanya awe nguvu ya kisiasa ni kwamba alikuja na mtandao ambao tayari ulikuwa hai. Na hilo lina maana kubwa kwa kilichofuata, kwa sababu serikali mpya haikujua ifanye nini na mtandao wa aina hiyo.

Baada ya bendera

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Bibi Titi alikuwa mbunge wa Rufiji, akawa waziri mdogo wa Maendeleo, akawa kiongozi wa UWT. Kwa nje ni kupanda ngazi. Ukitazama vizuri utaona kwamba uwanja ambao alikuwa bingwa wake ulikuwa umefungwa. Kabla ya uhuru kazi ilikuwa kukusanya watu, na hiyo aliifanya kuliko yeyote. Baada ya uhuru kazi ikawa mafaili, bajeti na ripoti, nyingi kwa Kiingereza. UWT yenyewe ikaelekezwa kwenye mapishi, ushonaji, usafi na kisomo. Hayo ni mambo mema, lakini si mambo yanayomtaka mtu wa kuamsha mji.

Wakaanza kuonekana wanawake wa aina nyingine. Lucy Lameck wa Moshi alikuwa amesoma hadi Uingereza na alikuwa waziri mdogo naye. Simweki Lameck hapa kama adui. Alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri kwa miaka mingi. Namweka ili tuone kwamba vipimo vilibadilika. Mwaka 1955 kutosoma kulimfanya Titi awe huru kusema. Kufika mwaka 1965 kutosoma huko huko kulimfanya aonekane wa jana.

Mwaka huo wa 1965 ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja na alama ya jembe, mwingine na alama ya nyumba. Wakubwa wengi walianguka. Bibi Titi aliangushwa Rufiji. Hata Paul Bomani, waziri wa Fedha, aliangushwa. Lakini Bomani alirudishwa bungeni kwa uteuzi wa Rais na akaendelea kuwa waziri. Titi hakurudishwa. Sisemi palikuwa na hila. Rais ana haki ya kumteua anayemtaka, na mtaalamu wa uchumi alikuwa adimu. Nasema tu kwamba miaka minne baada ya uhuru mtu aliyekuwa akitajwa sambamba na Nyerere nchi nzima alikuwa hana kiti bungeni, hana wizara, na amebaki na cheo cha umoja wa wanawake na ujumbe wa Kamati Kuu ya chama.

Na nyumba.

Asiwe na nyumba ya kupangisha

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Watu wengi hulikumbuka kwa kutaifisha mabenki na viwanda. Kwa viongozi wenyewe, sehemu iliyowachoma ilikuwa ile ya miiko ya uongozi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Alikataa kuziachia. Akajiuzulu Kamati Kuu mwaka ule ule na kuachana na uongozi wa UWT.

Hapa wasomaji hugawanyika, na ndipo ninapoomba subira. Upande mmoja unasema: ndiyo haya, shujaa wa wanyonge amegeuka mwenye nyumba, anataka kodi ya mwisho wa mwezi kuliko ujamaa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Miiko ile iliwekwa kwa sababu ya haki kabisa. Nchi ilikuwa na miaka mitano na kitu tu ya uhuru na tayari wananchi walikuwa wanawaona wakubwa wakijenga na kupangisha kwa mabalozi na makampuni. Mwaka mmoja kabla ya hapo wanafunzi wa Chuo Kikuu walioandamana kupinga jeshi la kujenga taifa walikuwa wamewasuta viongozi kwa mishahara yao minono, na Nyerere, pamoja na kuwafukuza chuo wanafunzi hao, alijikata mshahara wake mwenyewe. Kulikuwa na ugonjwa, na Azimio lilikuwa dawa kali kwa ugonjwa huo. Kama kila kiongozi angejitetea kwamba nyumba zake yeye ni tofauti, miiko isingebaki.

Lakini itazame miiko ile kutoka mahali alipokaa yeye. Kwa mtu mwenye shahada, nyumba ya kupangisha ni ziada juu ya mshahara. Ukimnyima, bado ana taaluma. Akitoka uwaziri atakuwa balozi, au meneja wa shirika la umma, na hayo mashirika ya umma yalizaliwa kwa wingi na Azimio lenyewe. Kwa mwanamke wa darasa la nne aliyeacha ujana wake kwenye malori na treni za kampeni, asiye na pensheni ya ukarani, nyumba ndiyo pensheni. Wanawake wa pwani wanalijua hili tangu zamani kuliko chama chochote. Nyumba ya vyumba sita ya uswahilini, mwenyewe anakaa chumba kimoja na vitano anapangisha, ndiyo kinga ya mjane na mtalaka. Ni mali isiyoweza kuvunjwa kwa talaka tatu. Sheria iliyoandikwa kumzuia waziri asijenge ghorofa Oysterbay ilimkuta pia mwanamke ambaye hakuwa na ngazi nyingine ya kushikilia.

Hukumu yangu, kwa hiyo: alivunja sharti la chama, na chama kilikuwa na haki ya kumwambia achague. Yeye akachagua, na akachagua hadharani, tofauti na wengine wengi waliobaki na vyeo huku nyumba zikiandikwa majina ya shemeji na wajomba. Katika yote yaliyompata, hili la 1967 ndilo nisiloona aibu ndani yake. Alisema hapana na akatoka. Kama kisa kingeishia hapo, tungekuwa na mjadala mdogo wa heshima kuhusu ujamaa na mali binafsi, na leo yangekuwa ya wanachuo tu.

Kesi

Hakikuishia hapo. Oscar Kambona, mtu aliyekuwa Katibu Mkuu wa TANU na waziri wa mambo makubwa, naye alijiuzulu katikati ya 1967 na kuondoka kwenda London, ambako alianza kumshambulia Nyerere waziwazi. Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Pamoja naye alikamatwa Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri wa Kazi, na maofisa wa jeshi. Walioshtakiwa walikuwa saba, akiwemo mwandishi wa habari Gray Mattaka na ndugu wawili wa ukoo wa Chipaka. Madai yalikuwa kwamba walipanga kuipindua serikali, na kwamba kichwa cha mpango huo kilikuwa Kambona huko London.

Kesi ilianza kusikilizwa Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mwanasheria kutoka Karibiani aliyekuwa na sifa ya uadilifu ambayo hata wakosoaji wa kesi hawaigusi. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika nchi huru, na ilichukua siku 127. Shahidi mkubwa wa Jamhuri alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa PAC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa wamepewa hifadhi Tanzania. Leballo alieleza kwamba alifuatwa ashiriki mpango, akajifanya kukubali, na huku nyuma akawa anapeleka habari kwa vyombo vya usalama. Mapema mwaka 1971 hukumu ilisomwa. Bibi Titi alikutwa na hatia, akapewa kifungo cha maisha. Rufaa ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki na haikumtoa.

Yeye alikana. Alikana wakati wa kesi, na miaka mingi baadaye, akiwa mtu huru asiye na cha kupata kwa kukana, aliendelea kukana.

Sasa, tufanye nini na hukumu hii? Kuna watu wanaoitupa yote kwa sababu ya Leballo. Wanasema mkimbizi anayeishi kwa hisani ya serikali, ambaye chama chake kinahitaji kambi, mafunzo na pasi za kusafiria za serikali hiyo, hawezi kuwa shahidi huru dhidi ya adui wa serikali. Ni hoja nzito, na jinsi mambo ya ndani ya PAC yalivyokuwa ya fitina miaka yote ya Leballo haisaidii kumwamini. Lakini hoja hiyo haimalizi kazi. Mahakama haikuwa ya kijeshi wala ya usiku. Ilikuwa ya wazi, washtakiwa walikuwa na mawakili, majina yalitajwa, na mshtakiwa mmoja wa saba aliachiwa. Katika Afrika ya 1970, ambako wapinzani walikuwa wakipotea au kupigwa risasi bila karatasi yoyote, hilo si jambo dogo. Serikali ingeweza kumweka kizuizini kwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 bila kumfikisha popote, kama ilivyowafanyia wengi. Ilichagua kwenda mahakamani.

Kwa upande mwingine, wale wanaoishika hukumu kama msahafu nao wanasahau kwamba mahakama ilijibu swali dogo kuliko wanalolisikia. Ilijibu kama washtakiwa waliongea na kupanga. Haikujibu kama mwanamke huyu, bila jeshi, bila cheo, bila hata jimbo, alikuwa hatari kwa dola. Mtu anaweza kuwa na kinyongo, akakaa na watu wenye kinyongo kama chake, akasikia maneno mazito asiyatolee taarifa, akatuma salamu London kwa mtu anayemwita kaka. Sheria ya uhaini ina jina la hayo yote, na pengine ni jina sahihi kisheria. Mimi, baada ya kuzungushwa na kisa hiki kwa muda mrefu, naamini alikuwa ndani ya mazungumzo kuliko wanavyokubali wapenzi wake, na alikuwa mdogo katika mpango kuliko hukumu ilivyomfanya aonekane. Sina zaidi ya hapo, na simwamini anayeniambia ana zaidi.

Kila mmoja na Titi wake

Upo usomaji mwingine ambao katika miji ya pwani una nguvu kuliko hiyo miwili. Wanaousimamia wanasema kuanguka kwa Bibi Titi ni sehemu ya jambo kubwa zaidi: Waislamu wa mjini walioijenga TANU kwa fedha na nyumba zao walisukumwa pembeni baada ya uhuru na waliosoma shule za misheni. Wanakumbusha kwamba Titi alikuwa miongoni mwa viongozi wa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ile EAMWS, ambayo serikali iliipiga marufuku Desemba 1968, na nafasi yake ikachukuliwa na BAKWATA. Chini ya mwaka mmoja baadaye alikuwa kizuizini.

Usomaji huu umefanya kazi moja kubwa. Ulirudisha kwenye historia majina ambayo vitabu vya chama vilikuwa vimeyaacha, na bila ya wanaoushikilia pengine hata Bibi Titi angebaki mstari mmoja. Lakini ukiutwika kesi yote ya uhaini unaelemewa. Kambona alikuwa mtoto wa kasisi wa Anglikana kutoka Nyasa. Kamaliza jina lake ni Michael. Kina Chipaka na Mattaka hawakuwa wazee wa mtaa wa Gerezani. Kama kesi ile ilikuwa ya kuwamaliza Waislamu, ilichagua kizimba cha ajabu. Lililo kweli ni kwamba ukaribu wa 1967, 1968 na 1969 ulimfikisha Titi mahakamani akiwa tayari amegombana na dola mara mbili, mara ya kwanza kwa mali na mara ya pili kwa dini, na mtu wa namna hiyo hakosi kutiliwa shaka mara ya tatu.

Wanaharakati wa haki za wanawake nao wana Titi wao, na huyo huwa hana kesi kabisa. Nimewahi kusoma mabango na makala za kumuenzi yanayotoka 1961 na kutua 2000 bila kugusa ardhi. Naielewa sababu. Ukitafuta mama wa taifa hutaki maswali ya upande wa mashtaka. Lakini ukiifuta kesi unafuta pia alivyolipa. Alipokuwa gerezani mumewe alimwacha. Marafiki walihama njia. Mwaka huo huo wa hukumu, Aprili 1971, ilitungwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, kwa hiyo zile nyumba zilizomtoa kwenye uongozi zikageuka kuwa kitu ambacho nchi ilikuwa inakusanya kutoka kwa kila mtu. Na mtandao wa wanawake wa 1955? Haukuandamana. Vikundi vilikuwa vimekwisha mezwa na UWT, na UWT ilikuwa ya chama.

Msamaha

Mwaka 1972 Nyerere alimsamehe na akatoka. Miaka miwili na kitu badala ya maisha. Wengine katika kesi ile walikaa ndani muda mrefu zaidi. Wapo wanaouona msamaha huo kama ushahidi kwamba hakuwa na hatia. Wapo wanaouona kama ukarimu wa Mwalimu. Kisheria si lolote kati ya hayo mawili. Msamaha wa Rais hufungua mlango wa gereza tu. Hukumu inabaki ilipo, ushahidi unabaki ulivyo, na hakuna anayelazimika kusema alikosea. Kwa serikali ni njia nyepesi. Kwa aliyesamehewa ni kuishi miaka yote iliyobaki bila kuitwa mhaini na bila kuambiwa kwamba siyo.

Aliishi hivyo Dar es Salaam, kimya. Mwanahistoria mmoja wa Kimarekani alimkuta katika miaka ya 1980 na kuketi naye kwa saa nyingi, na kutokana na mazungumzo hayo na ya wanawake wenzake ndipo dunia ya wasomi ilipogundua kwamba TANU ilikuwa na nusu nyingine. Inachekesha kidogo, na inauma: ilihitaji mgeni wa pili kuuliza wanawake wako wapi.

Kisha ukaja mwaka 1991, ambao kwangu ndio kilele cha kisa hiki kuliko hata 1969. Februari mwaka ule Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar na kuilegeza miiko ya uongozi. Kiongozi sasa aliruhusiwa kuwa na hisa, kuwa na mshahara zaidi ya mmoja, na kupangisha nyumba. Watu wakaliita Azimio la Zanzibar. Ukumbi haukuwa na Bibi Titi, na hakuna aliyekwenda kumgongea mlango kumwambia kwamba lile alilokataa kwa sauti kuliacha mwaka 1967 limekuwa halali. Desemba ya mwaka huo huo nchi ilipotimiza miaka thelathini ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja kuwa shujaa wa kupigania uhuru.

Heshima hiyo ilipangwa kwa uangalifu. Alirudishwa kama mwanamke wa 1955, akiwa na kanga yake na wimbo wake. Mwanamke wa 1967, mwenye hoja kuhusu nani anaweza kumudu kuwa masikini kwa ajili ya siasa, hakualikwa. Siku hizi kwao Rufiji kumefanyika tamasha la kumuenzi, viongozi wakubwa wakahutubia, na hotuba zilikuwa na joto. Waliozitoa, bila shaka, wana nyumba.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Bibi Titi alimfuata mwaka mmoja na wiki chache baadaye, tarehe 5 Novemba 2000, hospitalini Johannesburg. Alikwisha kufikia miaka ya sabini. Johannesburg ya mwaka 2000 ilikuwa na serikali ya watu weusi waliochaguliwa kwa kura, ile ambayo Leballo na wenzake walikuja Dar es Salaam kuitafuta. Leballo mwenyewe hakuiona. Alikufa uhamishoni mwaka 1986. Aliyefika ni yule mwanamke ambaye Leballo alitoa ushahidi dhidi yake, akiwa mgonjwa, na kutoka huko jeneza lake likarudishwa nyumbani Dar es Salaam.